Moshi ndani ya ndege: dakika chache za wahudumu na lugha ya abiria wa Kigali

KIGALI – Tangu mwaka 2025, msafiri anayeelekea Dubai, Guangzhou au Seoul hukutana na swali ambalo zamani halikuulizwa kwa uzito: una pawabenki, na umeiweka wapi? Korea Kusini ilianza tarehe 1 Machi mwaka huo, ikawakataza abiria kuziweka pawabenki katika rafu za mizigo zilizo juu ya viti. Mwezi mmoja baadaye Singapore Airlines ilipiga marufuku kuzitumia au kuzichaji ndani ya ndege. Tarehe 1 Oktoba ikawa zamu ya Emirates, shirika linalojulikana vyema na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki: abiria anaruhusiwa kubeba pawabenki moja tu, na haruhusiwi kuitumia akiwa angani.

Wako wanaoziona kanuni hizi kama usumbufu mwingine wa viwanja vya ndege. Kwa hakika zimetokana na hofu ya kale kabisa katika usafiri wa anga, nayo ni hofu ya moshi. Ndege inaweza kupoteza injini moja na ikatua salama. Inaweza kupita katika dhoruba ikatikiswa mno, kisha ikafika. Lakini moshi usiojulikana chanzo chake huwaachia marubani na wahudumu muda mfupi mno, na katika muda huo mambo mengi hutegemea jambo ambalo halizungumzwi sana: je, abiria ameelewa anachoambiwa?

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kigali, swali hilo si la nadharia. Makala haya yanachambua kinachofanyika ndani ya ndege moshi unapotokea, yale ambayo ajali zilizopita zimefundisha, na mahali ambapo lugha yetu inaingia katika mnyororo huo wa usalama.

Muda unaohesabika kwa dakika

Baada ya ajali ya ndege ya Swissair, safari nambari 111, Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilipitia matukio 15 ya moto angani yaliyotokea kati ya mwaka 1967 na 1998. Ilibaini kwamba, tangu dalili ya kwanza ya moto hadi ndege kuanguka au kulazimika kutua, muda ulikuwa kati ya dakika 5 na dakika 35. Hakuna tukio hata moja lililovuka kiwango hicho.

Safari hiyo ya 111 ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva usiku wa tarehe 2 Septemba 1998. Marubani walinusa harufu isiyo ya kawaida ndani ya chumba chao majira ya saa nne na dakika kumi usiku. Mwanzoni walidhani ni hitilafu ndogo ya mfumo wa hewa. Waligeuza ndege kuelekea Halifax, wakaanza kufuata orodha ya hatua za dharura, na wakaelekea baharini ili kumwaga mafuta, kwa kuwa ndege ilikuwa nzito mno kwa kutua. Dakika 21 baada ya harufu ile ya kwanza, ndege ilianguka katika Bahari ya Atlantiki, na watu wote 229 waliokuwamo walifariki.

Ajali hiyo ilitokea mbali, lakini iligusa eneo letu. Miongoni mwa abiria alikuwamo Pierce Gerety, mkurugenzi wa operesheni za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi katika eneo la Maziwa Makuu, aliyekuwa katika jukumu la kidiplomasia kuhusu vita vilivyokuwa vimezuka Kongo mwezi mmoja tu kabla. Alikuwamo pia Jonathan Mann, daktari aliyeongoza mradi wa utafiti wa UKIMWI mjini Kinshasa katika miaka ya 1980, kisha akaongoza mpango wa kwanza wa dunia wa kupambana na ugonjwa huo. Yamkini wengi wa watu waliohudumiwa na wawili hao hawakuwahi kuyasikia majina yao.

Uchunguzi, uliochukua zaidi ya miaka minne, ulionyesha kwamba moto ulianzia juu ya dari karibu na chumba cha marubani, ambako nyaya za umeme zilitoa cheche na kuwasha utando wa kuzuia joto ambao, kinyume na ilivyodhaniwa, ulikuwa ukishika moto. Orodha ya hatua za kutafuta chanzo cha moshi ilikuwa ndefu kiasi kwamba kuikamilisha kungechukua dakika 20 hadi 30, yaani muda ambao marubani hawakuwa nao. Wachunguzi walihitimisha kwamba, kwa jinsi moto ulivyoenea, hata kama wangeelekea moja kwa moja Halifax, yamkini wasingeweza kutua salama.

Tangu hapo falsafa ya kazi imebadilika. Zamani rubani alifundishwa kutafuta chanzo kwanza, kisha aamue. Leo hufundishwa kwamba kama chanzo cha moshi hakijulikani, au hakijazimwa kwa uhakika, ndege ielekezwe kutua mara moja, na kutafuta chanzo kufanyike njiani.

Kazi ya marubani, na anga yenye mipaka

Hatua ya kwanza ya marubani ni kujilinda wao wenyewe. Huvaa barakoa za oksijeni, wakiziweka katika kiwango cha asilimia 100, na miwani ya kuzuia moshi. Huo si ubinafsi, kwani rubani aliyelewa moshi hawezi kumwokoa yeyote. Kisha hugawana kazi: mmoja huendesha ndege, mwingine husoma orodha ya hatua za dharura na kuwasiliana na waongoza ndege kwa wito wa Mayday, ambao huipa ndege hiyo kipaumbele kuliko nyingine zote.

Swali linalofuata ni wapi pa kutua. Kutoka Kigali kwenda Entebbe, Nairobi au Bujumbura, jibu huwa rahisi, kwa kuwa viwanja viko karibu. Katika safari ndefu za usiku kuelekea Ulaya juu ya Sahara, viwanja vinavyofaa huwa vichache, na rubani huwa ameshavihesabu kabla hajaondoka.

Kwa wasafiri wa Kigali kuna jambo jingine la kisiasa. Februari 2025, kufuatia vita vya mashariki mwa nchi hiyo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, na safari za RwandAir kwenda Ulaya na Afrika Magharibi zikalazimika kuzunguka na kurefuka. Je, ndege yenye moshi ikikaribia mpaka uliofungwa hufanya nini? Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unazitaka nchi wanachama kuisaidia ndege yoyote iliyo hatarini katika ardhi yao. Nazo kanuni za anga humpa rubani mkuu mamlaka ya kukiuka utaratibu pale usalama unapolazimu. Kwa maneno mengine, mabishano ya serikali hayamwondolei rubani haki ya kutua. Hata hivyo, njia inapokuwa ndefu zaidi, abiria hukaa angani muda mrefu zaidi, na hiyo ni gharama ya mgogoro ambayo haiandikwi kwenye tiketi.

Sehemu ya abiria: watu watatu na mtungi mmoja

Marubani hawaoni yanayotokea nyuma yao. Macho na pua za ndege ni wahudumu. Wengi wetu tumezoea kumwona mhudumu kama mtu wa kugawa chakula na vinywaji, ilhali kisheria yuko ndani ya ndege kwa sababu moja kuu, nayo ni usalama.

Moshi unapoonekana, wahudumu hugawana nafasi tatu. Wa kwanza, yule aliyeugundua, hukabili moto: huchukua mtungi wa kuzimia moto na kuvaa kofia maalumu inayofunika kichwa chote na kumpa hewa safi kwa takriban dakika 15. Wa pili hushika simu ya ndani na kuwaeleza marubani moshi uko wapi, una rangi gani, una harufu gani, na kama unaongezeka au unapungua. Wa tatu huleta vifaa vya ziada, huwahamisha abiria walio karibu na kuondoa mitungi ya oksijeni iliyo jirani na moto.

Hapo abiria wengi hujiuliza: mbona zile barakoa za oksijeni za juu ya viti hazishuki? Jibu lake ni muhimu, kwa maana kutolijua huzua taharuki. Barakoa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya ndege inapopoteza shinikizo la hewa, wala si kwa ajili ya moshi. Huchanganya oksijeni na hewa iliyomo ndani ya ndege, kwa hiyo anayeivaa wakati wa moshi angeendelea kuuvuta moshi uleule. Isitoshe, kuongeza oksijeni karibu na moto ni kuuchochea. Ndiyo maana agizo huwa tofauti: inama, kaa chini ya kiwango cha moshi, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, ikiwezekana kilicholoweshwa maji, na usimame pale tu unapoambiwa usimame.

Taa ndogo zilizo sakafuni kuelekea milangoni nazo zina historia yake. Tarehe 2 Juni 1983, ndege ya Air Canada iliyokuwa na watu 46 ilitua kwa dharura Cincinnati, Marekani, baada ya moto kuzuka upande wa choo cha nyuma. Iligusa ardhi salama, lakini 23 hawakutoka, wengi wao wakiwa wameshindwa kuona njia ndani ya moshi mzito. Taa za sakafuni na vitambuzi vya moshi vyooni vilifanywa kuwa sharti baada ya vifo hivyo.

Kutua si mwisho wa hatari

Hakuna tukio linaloeleza jambo hili kwa uchungu zaidi kuliko la Riyadh, tarehe 19 Agosti 1980. Ndege ya Shirika la Ndege la Saudia iliyokuwa ikielekea Jeddah iliripoti moshi dakika chache baada ya kuruka. Marubani walipoteza dakika kadhaa wakithibitisha kama king'ora kilikuwa cha kweli, kisha wakarudi na kutua vizuri kabisa. Lakini baada ya kutua, ndege iliendelea kutembea hadi mwisho wa njia badala ya kusimama papo hapo. Injini hazikuzimwa mapema, na amri ya kuwatoa watu haikutolewa ingawa wahudumu walikuwa wameiulizia. Waokoaji walipofanikiwa kufungua mlango, wote 301 waliokuwamo walikuwa wamekufa. Walikuwa wamekwisha kufika ardhini.

Kigali nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 12 Novemba 2009, ndege aina ya CRJ ya kampuni ya Kenya, Jetlink Express, iliyokuwa ikihudumu kwa niaba ya RwandAir, iliondoka Kigali kuelekea Entebbe. Muda mfupi baadaye marubani walishindwa kuipunguza nguvu injini moja, wakarudi na kutua salama. Ndege ikafikishwa mahali pa kuegesha. Kisha, pale ambapo kila abiria alidhani balaa limepita, ilisogea mbele kwa kasi na kugonga jengo la wageni mashuhuri. Abiria mmoja alifariki. Kisa hicho hakikuhusu moshi, lakini somo lake ni lilelile la Riyadh: dharura haiishi magurudumu yanapogusa ardhi. Huisha abiria wa mwisho anapokuwa mbali na ndege.

Moshi unaoonekana na hewa isiyoonekana

Katika chumba cha habari, mtafsiri anayepokea taarifa za ajali hizi hukwama mapema. Lugha za Ulaya hutofautisha moshi na kile kinachonuswa bila kuonekana. Kiswahili chetu kina moshi, kina mvuke, kina harufu, kina mafusho, lakini katika matumizi ya kila siku yote huishia kuitwa moshi. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Moshi huonekana, na kila mtu hushtuka. Hewa iliyochafuliwa na mafuta ya injini huweza kunuka kama soksi chafu, ikaleta kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu asijue kwamba yuko hatarini.

Katika ndege nyingi, zikiwamo Boeing 737, Airbus A330, CRJ na Dash 8 ambazo RwandAir imezitumia, hewa ya ndani hutokana na hewa inayobanwa ndani ya injini kabla haijachanganywa na mafuta. Kwa kawaida ni safi. Kizuizi cha mafuta kikivuja, mvuke wake huweza kuingia mahali walipo watu. Boeing 787, inayorushwa na Ethiopian Airlines na Kenya Airways, hutumia njia tofauti, kwani hewa yake huvutwa kutoka nje kwa mashine za umeme.

Kwamba suala hili si dogo lilidhihirika tarehe 19 Desemba 2010, wakati marubani wawili wa Germanwings waliokuwa wakikaribia Cologne, Ujerumani, walipopatwa na harufu kali iliyokaribia kuwaondolea uwezo wa kufanya kazi. Walivaa barakoa na kutua. Lilidhihirika zaidi tarehe 23 Desemba 2024. Ndege ya SWISS aina ya Airbus A220-300, ikiwa na abiria 74 na wafanyakazi 5, ilikuwa ikitoka Bucharest kwenda Zurich injini yake moja ilipopata hitilafu na moshi ukajaa ndani. Ilitua Graz, Austria, na watu wakatolewa. Abiria wote walinusurika, lakini mhudumu mmoja kijana alifariki hospitalini wiki moja baadaye. Uchunguzi uligusa pia kofia za kujikinga na moshi, na shirika likaamua kubadilisha aina ya kofia hizo.

Ndege za A220-300 tunazo Afrika Mashariki. Air Tanzania imekuwa ikizirusha tangu ilipopokea ya kwanza Desemba 2018, na mwaka 2022 baadhi ziliegeshwa kwa sababu ya matatizo ya injini za familia hiyohiyo. Hilo halina maana kwamba hitilafu ya Graz iko katika ndege hizo. Maana yake ni kwamba taarifa za uchunguzi wa Austria zinapaswa kusomwa Dar es Salaam na Kigali kwa makini yaleyale zinakosomwa Zurich.

Betri mkobani mwa mfanyabiashara

Chanzo kipya cha moshi hakiko tena katika nyaya za ndege peke yake. Kimo katika mikoba yetu. Betri ya lithiamu ikiharibika, joto lake hujizidisha lenyewe: seli moja huwasha jirani yake, na hiyo nayo huwasha inayofuata. Gesi ya mtungi wa kuzimia moto huondoa miali, lakini haiwezi kuzipoza seli. Kwa hiyo wahudumu hufundishwa kufuatisha maji mengi, au kinywaji chochote kisicho na kileo, hadi kifaa kipoe.

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai ikiwa na shehena iliyojumuisha betri za lithiamu. Moshi uliwazuia marubani wawili hata kuona vyombo vyao vya kuongozea, na takriban nusu saa baada ya king'ora cha kwanza ndege ilianguka katika eneo la Dubai, wote wawili wakafariki. Tarehe 12 Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa imeegeshwa Heathrow, London, bila abiria, iliungua juu ya dari kwa sababu ya betri ya kifaa kidogo cha kutoa ishara za dharura. Na tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliyokuwa ikijiandaa kuruka huko Korea Kusini iliteketea baada ya moto kuanzia katika rafu ya mizigo. Watu wote 176 walitoka. Dalili zilielekeza kwenye pawabenki, na hapo ndipo kanuni tulizozitaja mwanzoni zilipozaliwa.

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza betri za lithiamu kusafirishwa kama shehena katika ndege za abiria. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi katika begi linalokabidhiwa kaunta. Hubebwa mkononi tu, kwa sababu moto ulio karibu na wahudumu unaweza kuzimwa, ilhali moto ulio chini ya sakafu hakuna wa kuufikia. Kipimo ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ina takriban wati-saa 74, na ile ya 27,000 inakaribia 100.

Hesabu hiyo inawahusu moja kwa moja wafanyabiashara wa simu na vifaa vya umeme wa Nyamirambo, Biryogo na katikati ya jiji. Anayerudi kutoka Dubai akiwa amezungushia pawabenki kumi nguo ndani ya sanduku la kukabidhi, ili kukwepa gharama ya shehena, hajaikosea forodha tu. Ameweka chini ya viti vya watu mia mbili kitu ambacho mhudumu hataweza kukifikia.

Amri inayopaswa kueleweka

Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Watano kati ya waliokuwa katika ndege ile ndogo walikufa. Lakini wote 379 waliokuwa katika ile kubwa walitoka ndani ya dakika 18 hivi, kwa kutumia milango mitatu tu kati ya minane. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, kwa hiyo wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao wenyewe. Abiria waliacha mizigo yao. Kila uchambuzi wa tukio hilo umerejea jambo hilohilo: amri ilitolewa, ikasikika, ikaeleweka, ikatiiwa.

Sasa tujiulize kuhusu Kigali. Kwa mawasiliano ya redio kati ya rubani na mwongoza ndege, dunia imeweka kiwango cha ufasaha wa Kiingereza, na rubani asiyekifikia haruhusiwi kuruka safari za kimataifa. Kwa mawasiliano kati ya mhudumu na abiria, kanuni za kimataifa hudai abiria waelezwe mikanda, milango ya dharura, maboya na oksijeni. Lugha gani itumike, hilo huachiwa mashirika na mamlaka za nchi.

Bunge la Rwanda lilipitisha Februari 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Wasemaji wake ni wachache nchini, lakini si wachache katika ukumbi wa abiria wa Kigali. Humo hukutana mama wa Nyamirambo anayekwenda Umra, kijana wa Rubavu anayefuata bidhaa, Mtanzania na Mkenya wanaobadilisha ndege, na familia kutoka Goma na Bukavu, hasa tangu uwanja wa Goma ulipofungwa kwa mapigano mwishoni mwa Januari 2025. Wengi wao wanajua maneno ya Kiingereza ya sokoni. Maneno ya Kiingereza ya dharura, yanayotamkwa kwa kasi ndani ya moshi, ni jambo jingine.

Hoja inaweza kutolewa kwamba ndege haiwezi kutangaza kwa kila lugha, na kwamba matangazo marefu hayasikilizwi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini amri za dharura ni chache na fupi kwa makusudi: fungua mkanda, acha mizigo, njoo huku, ruka. Maneno yasiyofika kumi hayahitaji bajeti ya shirika, yanahitaji uamuzi. Kadi ya maelezo iliyo mfukoni mwa kiti inaweza kuwa na mistari ya Kiswahili. Mhudumu anayeijua lugha hiyo anaweza kuwekwa mahali ambapo wasemaji wake ni wengi. Uwanja mpya unaojengwa Bugesera, ambao Qatar Airways ilikubali mwaka 2019 kuwa mbia wake kwa asilimia 60, umekusudiwa kuifanya Rwanda kuwa njia panda ya anga. Njia panda huhitaji alama zinazosomwa na wapitao.

Wajibu si wa mashirika peke yao. Vyombo vya habari vya umma, chetu kikiwamo, vinaweza kuyafikisha maelezo haya kabla msafiri hajafika uwanjani, na misikiti, vyama vya wafanyabiashara na mawakala wa tiketi vinaweza kufanya hivyo pia. Na abiria mwenyewe ana sehemu yake: pawabenki iwe karibu naye, si rafuni wala ndani ya sanduku. Ikianza kupata joto au kuvimba, amwite mhudumu papo hapo, bila aibu. Ahesabu safu za viti kutoka alipo hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, kwa kuwa ndani ya moshi atahesabu kwa mikono. Simu ikidondoka ndani ya mitambo ya kiti, asisogeze kiti kuitafuta, kwani inaweza kusagwa na kuwaka. Na akisikia amri ya kutoka, begi libaki, hata kama ndani yake mna mtaji wa mwaka mzima.

Mtaji huo ni kitu kizito kwa mtu aliyeutafuta kwa jasho, na si haki kumdharau anayeshawishika kuurudia. Lakini anayesimama kuvuta begi huziba njia ya walio nyuma yake, na mitelezo ya dharura huweza kuchanika kwa kona ya sanduku. Katika majaribio ya kuidhinisha ndege mpya, watu wote hutakiwa kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa. Hesabu hiyo haina nafasi ya mzigo hata mmoja, wala ya mtu anayemgeukia jirani yake kumuuliza mhudumu amesema nini.